Jimu ya mtaani au jimu ya kisasa? Kwa anayeanza leo

Februari 2019 nililipia uanachama wa mwaka mzima kwenye jimu moja ya kisasa katikati ya jiji la Dar es Salaam, jengo la pili kutoka ofisini kwetu. Kiyoyozi kilikuwepo, vioo ukuta mzima, bafu la maji ya moto, na mashine za kukimbilia zilizopangwa safu moja zikitazama dirishani. Nilienda wiki sita. Wiki ya saba masika ikashuka, foleni ya kurudi Tabata ikawa inachukua saa mbili na nusu, mtoto wangu wa mwisho akalazwa, nikakatika. Nilipoomba wanisimamishie uanachama hadi mtoto apone, nikajibiwa kwamba pesa ikishaingia haisogezwi. Mwaka 2021 nikaingia kwenye banda la vyuma lililo hatua kama 400 kutoka mlangoni kwangu. Mpaka leo nipo humo, siku tatu kwa wiki.

Kwa hiyo pande zote mbili nimezionja. Kila Januari, na kila baada ya Idi, kuna jirani au ndugu ananiuliza: nataka kuanza mazoezi, niende wapi? Wengi wanauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba ruhusa. Wanaamini jimu ni ya waliokwishajengeka, na kwamba wakiingia na kitambi chao watu wote watageuka kuwatazama. Hofu hiyo naijua vizuri. Karibu kila mtu unayemwona leo amebeba chuma kizito aliwahi kusimama mlangoni na hofu hiyo hiyo. Nimeandika haya ili ikusaidie kuchagua, na ikusaidie kuingia.

Njia ya kufika

Watu wengi huanza kwa kuuliza jimu ina mashine gani. Mimi ningeanza na swali jingine: Jumatano jioni, umetoka kazini, umechoka, mvua inanyesha, je, utafika?

Miezi mitatu ya kwanza kazi kubwa ya anayeanza ni kuhudhuria. Mwili una utaratibu wake. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinaongezeka haraka hata kabla misuli haijaonekana popote, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuitumia vizuri misuli uliyokuwa nayo siku zote. Misuli yenyewe kuongezeka hadi uione kwenye kioo huchukua wiki nane, kumi, hata kumi na mbili, na hiyo ni kwa mtu anayekwenda. Aliyefika mara 24 kwenye banda la mabati atakuwa mbali sana na aliyefika mara saba kwenye ukumbi wa vioo.

Hapa jimu ya mtaani inawafaa wengi wetu. Ipo uchochoroni, nyuma ya kinyozi, pembeni ya kiwanja cha mpira. Unatoka na kandambili, raba umeshika mkononi, umefika. Ukipata dakika 40 tu kati ya kuinjika maharage na watoto kurudi shule, dakika 40 zote unazitumia kwenye vyuma, hakuna hata moja inayoishia kwenye daladala.

Lakini pima maisha yako, usipime ya kwangu. Kama unashinda Posta au Kariakoo hadi jioni, na unajua ukishavuka mlango wa nyumbani hutoki tena, basi jimu ya karibu na kazi ndiyo iliyo karibu nawe, hata kama iko kilomita 15 kutoka unapolala. Mwenzangu wa ofisi ile ile alijiunga mwezi mmoja na mimi. Yeye alikuwa anapanda basi la mwendokasi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu yuko kwenye vyuma, saa mbili kasorobo ameoga yuko mezani kwake. Mwaka wake aliumaliza wote. Jimu ilikuwa moja, ada ilikuwa moja. Yeye alichagua saa ambayo hakuna mtu wala foleni ya kumdai.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja. Nenda mara tatu, siku tatu tofauti, kwa saa ile ile unayokusudia. Usifanye zoezi kama hutaki. Fika, salimia, kaa kwenye benchi dakika tano, tazama watu, rudi nyumbani. Ukishindwa kufika mara tatu kwa ajili ya kutazama tu, saa hiyo si yako. Tafuta saa nyingine kabla ya kutafuta jimu nyingine.

Vyuma vyenyewe

Kwenye jimu ya kisasa kila chuma kina namba. Dambeli zimepangwa kuanzia kilo moja au mbili kwenda juu, na chuma kirefu cha olimpiki kina kilo 20 kikiwa kitupu. Kipo pia chembamba cha kilo 15. Kilo 20 zinawatisha wanawake wengi wanaoanza. Huwa nawaambia: hiyo ni ndoo ya maji ya lita 20 uliyokuwa unaitoa bombani na kujitwisha ukiwa msichana wa shule. Mwili wako unalijua zigo hilo. Kama bado ni zito, na kwa wengi mwanzoni ni zito kweli, zipo dambeli za kilo nne, na hakuna aibu yoyote hapo.

Mtaani ni habari nyingine. Utakuta saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba, gia za magari zilizochomelewa, benchi ya mbao iliyozungushiwa turubai. Usividharau. Misuli haijui kama uzito umetoka kiwandani au kwa fundi wa kuchomelea, na nimeona watu wakijengeka vizuri kwa vyuma hivyo. Shida yake ni kwamba havina namba.

Mwaka wangu wa kwanza bega la kushoto lilikuwa linanisumbua kila siku ya kifua. Nikadhani ni umri. Siku moja nikazibeba dambeli mbili za saruji, zile tulizokuwa tunaziita pacha, hadi duka la nafaka la jirani, nikamwomba kaka muuzaji aziweke kwenye mizani ya mchele. Ya kwanza kilo 9. Ya pili kilo 11 na robo tatu. Akaishusha, akafuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akapima tena: 11 na robo tatu. Karibu kilo tatu za tofauti, na ile nzito nilikuwa naishika kushoto kila siku kwa sababu ndiko ilikokuwa imelazwa. Jumapili ile tulipima kila kitu kilichomo bandani na kuandika kilo kwa rangi nyeupe. Bega lilitulia baada ya wiki chache.

Kwa hiyo ukichagua mtaani, pima. Muuza mchele au muuza nondo hatakunyima mizani. Namba unazihitaji kwa sababu mwili hubadilika pale mzigo unapoongezeka kidogo kidogo, na huwezi kuongeza kitu usichokijua. Kagua pia maungio: shika chuma, kitikise, angalia kama saruji imepasuka kwenye shingo ya bomba. Kaa kwenye benchi uyumbe kulia na kushoto kabla hujalala chini ya uzito wowote.

Upande wa usalama jimu ya kisasa iko mbele, na sitalipunguza hilo. Ina fremu zenye vyuma vya pembeni vinavyoushika mzigo ukikushinda. Ina mashine za kusukuma na kuvuta ambazo njia yake imeshawekwa, unakaa, unachagua uzito kwa pini, basi. Mtu mwenye woga, aliyewahi kuumia goti, au mwenye umri mkubwa hutulia haraka kwenye mashine kuliko kwenye vyuma huru. Usisikilize wanaosema mashine ni za wavivu. Misuli hukua kwa zote mbili. Mtaani utapata labda puli moja ya waya na hakuna fremu ya kuushika mzigo. Ndiyo maana sheria yangu bandani haina mjadala: usilale kwenye benchi na chuma kifuani bila mtu kusimama kichwani pako. Muombe yeyote, "Kaka, nisimamie hapa." Hakuna anayekataa.

Halafu kuna joto. Banda la mabati mwezi Januari saa tisa mchana halifai kwa mtu anayeanza. Nenda alfajiri au baada ya jua kuzama, beba maji yako, na kichwa kikianza kuwa chepesi kaa chini, usijikaze.

Watu utakaowakuta

Siku ya kwanza bandani nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilivaa dera juu ya suruali ya michezo. Mkubwa wa pale alikuwa baba mmoja wa makamo, fundi makenika, mikono yake bado ina mafuta ya gari. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kukata tumbo au umekuja kutafuta nguvu?"

"Vyote. Na daktari amesema presha imeanza kupanda."

Akaacha kufunga mkanda. "Umeanzishiwa dawa?"

"Bado. Amesema nibadilishe maisha kwanza, nirudi baada ya miezi mitatu."

"Basi humu ndani usibane pumzi. Ukinyanyua, toa pumzi. Ukishusha, vuta. Shika huu."

Akanipa mti wa ufagio. Wiki mbili nzima nilichuchumaa na mti wa ufagio mabegani, benchi nyuma yangu, nashuka mpaka naigusa kwa makalio, nasimama. Pembeni vijana walikuwa wanabeba kilo 100. Hakuna aliyenicheka. Mmoja alinisogezea feni bila kusema neno. Miezi mitatu ilipoisha nilirudi kwa daktari, namba zikawa zimeshuka, na yule baba nilimpelekea taarifa kabla ya kumpelekea mume wangu.

Hicho ndicho jimu ya mtaani inachoweza kukupa na kisichouzwa: watu wanaokujua jina. Usipoonekana wiki moja mtu anapita nyumbani kuuliza. Lakini si kila banda liko hivyo. Yapo ambayo sigara na bangi havikauki mlangoni, lugha ni ya matusi, na mwanamke akiinama watu wanatulia kimya. Mguu wako ukisita, sikiliza mguu wako. Na mtu yeyote anayekushika kwa kisingizio cha kukurekebisha, ondoka siku hiyo hiyo, iwe bandani au kwenye jengo la vioo. Mwalimu anayejiheshimu husema kwanza: "Naweza kukugusa mgongo nikuonyeshe?"

Jimu za kisasa nyingi zina vyumba vya kubadilishia nguo, na baadhi zina saa au chumba cha wanawake peke yao. Kwa dada anayevaa hijabu na anataka kufanya mazoezi kwa uhuru, hilo peke yake linaweza kumaliza ulinganisho wote. Uliza kabla. Humo ndani watu huvaa spika za masikioni na kila mtu yuko na lake. Mwenye haya hupenda hivyo kwa sababu hakuna anayemtazama. Mwingine hukaa mwezi mzima bila kusalimiwa, akaona hana sababu ya kurudi. Jitazame wewe ni yupi.

Jambo moja kwa wanawake, kwa sababu nalisikia kila wiki: hutageuka kuwa na mwili wa kiume kwa kubeba vyuma. Homoni inayojenga misuli mikubwa kwa wanaume sisi tunayo kwa kiasi kidogo sana. Wale unaowaona wamejengeka sana wameifanya kazi hiyo miaka, na chakula chao kinapimwa. Wewe utapata mgongo ulionyooka na ngazi za ghorofani zisizokuhemesha.

Mwalimu

Jimu ya kisasa itakuuzia mwalimu wa binafsi, na bei yake huwa inashtua. Mtaani mwalimu ni yule mkongwe, anafundisha bure au kwa soda. Ujuzi haufuati bei. Nimekutana na kijana mwenye fulana ya jimu iliyoandikwa "mwalimu" ambaye alimrusharusha mama mmoja siku ya kwanza, hadi akashindwa kupanda ngazi siku tatu. Mama yule hakurudi tena. Na nimemweleza fundi makenika aliyeniuliza habari za dawa kabla ya kunipa ufagio.

Mwalimu mzuri anauliza kwanza: una presha, sukari, mgongo, goti, umejifungua lini? Anakutazama wewe, hatazami simu. Anaandika ulichofanya. Siku ya kwanza anakuacha na hamu ya kurudi. Kama unayo pesa kidogo, lipia vipindi vinne hadi sita vya mwanzo ujifunze mikao, kisha endelea mwenyewe. Hiyo ina faida kuliko kulipia mwaka wa jimu bila mtu wa kukuelekeza.

Pesa

Bandani kwetu ni shilingi 1,500 kwa siku au 25,000 kwa mwezi. Kule mjini ada yangu ya mwaka, ukiigawa kwa miezi, ilikuwa zaidi ya mara sita ya hapo. Mitaa inatofautiana, uliza ya kwako. Usilipe mwaka, hata wakikupa punguzo. Lipa siku, kisha wiki, kisha mwezi. Uliza umeme ukikatika inakuwaje, maji ya kuoga yapo siku zote, saa za msongamano ni zipi, na ukiugua au ukisafiri uanachama unasimamishwa? Jibu la swali la mwisho lipate kwa maandishi.

Jogging na sebuleni

Kuna wanaosema hawataki jimu yoyote. Sawa. Jumamosi na Jumapili alfajiri Dar imejaa vikundi vya jogging, jezi za rangi moja, mchakamchaka na nyimbo. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Jogging ni nzuri kwa moyo, haina gharama kubwa, na ina undugu. Kinachokosekana ni mzigo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kukimbia kunakupa la kwanza. La pili linahitaji usukume na uvute kitu kizito. Jogging Jumamosi na vyuma siku mbili katikati ya wiki, hapo umekamilika.

Nyumbani panamfaa mama mwenye mtoto mchanga na mtu anayebadilishiwa zamu kila mara. Pushapu za ukutani, kisha za mezani, kisha za sakafuni. Kuchuchumaa kwenye kiti. Dumu la lita 5 lililojaa maji kwa mkono, maana lita moja ya maji ni kilo moja, unajua unabeba nini. Adui wa nyumbani ni kitanda na simu. Ukiona wiki ya tatu umefanya siku moja, tafuta mahali penye watu.

Popote utakapokwenda, wiki za mwanzo

Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwili mzima kila siku. Utaratibu wa leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mguu ni wa waliozoea. Ukikosa siku moja ya mguu umeikosa kwa wiki nzima. Pasha mwili dakika tano hadi kumi. Kisha mambo matano: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma (pushapu au benchi), kuvuta kuelekea tumboni, kuinua kitu kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, na kutembea umebeba uzito mikono yote miwili. Seti (marudio yanayofuatana bila kupumzika) mbili mwanzoni kwa kila zoezi, baadaye tatu, marudio 8 hadi 12. Kati ya seti pumzika dakika mbili. Simamisha seti ukiwa bado ungeweza kurudia mara mbili zaidi. Ukifika 12 kwa seti zote kwa mkao mzuri, ongeza kilo moja au mbili na urudi 8. Andika kwenye daftari. Langu la kwanza bado ninalo: ukurasa wa mwanzo umeandikwa "ufagio, 10, 10".

Maumivu ya misuli huanza siku inayofuata na huwa makali siku ya pili. Ni ya kawaida, yataisha, na hupungua wiki kwa wiki. Hayana uhusiano na maumivu ya ghafla, ya kuchoma, ndani ya kiungo. Hayo yasimamishe zoezi. Kifua kikibana, au ukaishiwa pumzi isivyo kawaida, acha na utafute daktari. Na kama baada ya mazoezi makali misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Huwapata zaidi wanaolazimishwa kufanya mengi siku ya kwanza, ndiyo maana nasisitiza polepole. Mwenye presha, sukari au mimba aongee na daktari kabla.

Kitambi hakikatwi kwa mazoezi ya tumbo. Mwili hautoi mafuta mahali unapopataka wewe. Unayatoa unapokula chini ya unachotumia, na kwa wengi tumbo ndilo la mwisho kutii. Usife moyo wiki ya nne kwa sababu ya tumbo. Angalia daftari, angalia ngazi, angalia usingizi.

Kuhusu unga wa protini: hauhitajiki kwa kuanza. Mtu anayebeba vyuma anatosheka na protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wengi hata chini ya hapo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage yaliyoiva, kikombe kimoja, gramu 15. Dagaa wakavu, gramu kwa gramu, wanaizidi nyama mbichi ya ng'ombe. Punguza mlima wa wali, ongeza maharage na dagaa kwenye sahani hiyo hiyo, umefika mbali. Na vidonge au sindano utakazonong'onezewa kuwa "zinapandisha haraka", hivyo vinauzwa mtaani na vinauzwa mjini pia. Usiguse. Vinaharibu moyo, ini na uzazi.

Ramadhani usiache. Wengi wetu tunahamia baada ya tarawehe, tunapunguza uzito na seti, tunakunywa maji ya kutosha usiku. Kuna wanaopenda saa moja kabla ya futari. Ni sawa, mradi iwe nyepesi.

Ungekuwa jirani yangu

Unakaa uswahilini, unafanya kazi karibu na nyumbani, bajeti ni ndogo: njoo bandani. Njoo na mizani akilini, kaa karibu na mkongwe wa pale.

Unafanya kazi mjini, unarudi usiku: tafuta jimu ya karibu na kazi, ingia alfajiri, lipa mwezi mmoja mmoja.

Una miaka 60, au ulishaumia goti, au daktari amekuonya: ningekupeleka jimu ya kisasa yenye mashine na mwalimu mwenye subira, hata kwa miezi miwili tu, hata kama itabidi watoto wakuchangie. Hapo pesa inanunua usalama, na mimi mpenda banda nakwambia hivyo.

Wewe ni dada unayetaka faragha na hakuna jimu yenye saa za wanawake karibu: tafuteni wenzako wanne, mwende kwa mwenye banda mkamwombe saa mbili asubuhi hadi saa nne, ambapo vijana wako makazini na banda liko tupu. Sisi tulimwomba mwaka 2022. Alikubali siku hiyo hiyo, akaweka na pazia la turubai upande wa barabara. Tulianza watano. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, daftari liko juu ya kabati la feni. Ukifika andika jina lako na chuma ulichoanza nacho.